Gari Lililokataliwa Huenda Wapi

Mtu aingiaye Kitale asubuhi kwa barabara ya Eldoret, Mlima Elgon ukiwa mkono wake wa kushoto na mashamba ya mahindi yakimsindikiza tangu Moi's Bridge, hahitaji kuambiwa kwamba riziki ya mji ule imefungamana na magurudumu. Maana ijapokuwa reli ilifika hapo tangu mwaka 1926, na kwa ajili yake mji wenyewe ukapata kunenepa, leo nafaka husafiri kwa malori yapangayo foleni nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka, na abiria husafiri kwa matatu na kwa zile Probox ambazo waliozitengeneza huko Japani walidhani ni za watu watano, ilhali Kitale imekwisha kuthibitisha kwa ushahidi usiokanika kwamba hubeba kumi na mmoja, kuku na magunia mbali.

Kilichonipeleka huko ni ubishi. Sahibu yangu mmoja, mtu aliyefanya kazi ya forodha mpaka akastaafu, ana itikadi moja isiyotikisika, nayo ni kwamba kila kitu kikataliwacho Ulaya na Marekani hatima yake ni kushushwa Mombasa, na kikishashushwa Mombasa hupanda bara hata kikafika kwetu. Na mfano wake aupendao kuliko yote ni yale magari ya dizeli ya kampuni ya Volkswagen yaliyonunuliwa tena na muundaji wake baada ya kashfa ya moshi. Nami nikaona neno hilo lastahili kupimwa mahali ambapo magari humalizia umri wao, yaani gerejini na njia panda, kuliko kubishaniwa barazani.

Kisa chenyewe, kwa wasiokikumbuka, kilianza kwa wasomi wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliopakia vyombo vya kupimia moshi butini mwa gari, wakaliendesha barabarani kama aendeshavyo mtu yeyote, hata safari ya kutoka Los Angeles mpaka Seattle, na katika ripoti yao ya mwaka 2014 wakaeleza mambo yasiyolingana kabisa na yale yaliyopatikana maabarani. Kampuni ilipoulizwa ilijibu kwa muda mrefu kwamba hizo ni kasoro ndogo za kiufundi. Mwishowe, tarehe 18 Septemba 2015, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani likaitangaza hila hiyo hadharani: ndani ya kompyuta ya gari mlikuwa na programu iliyotambua, kwa namna usukani usivyogeuzwa, kwa mwendo na kwa muda injini iliokwisha kufanya kazi, kwamba gari limo katika mtambo wa kupimiwa, na papo hapo ikaiamrisha injini ijistahi, lakini gari likisharudi barabarani, ile amri ilitanguka, nalo likatoa oksidi za naitrojeni hata mara 40 ya kiwango cha sheria. Magari yenye programu hiyo yalikuwa kiasi cha milioni 11 duniani. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu kabla wiki haijaisha, na mwezi Oktoba 2016 Jaji Charles Breyer wa San Francisco akaidhinisha sulhu iliyowapa wenye magari takriban 475,000 ya injini ya lita mbili hiari ya kuyarudisha, wakalipwa thamani yake ya kabla ya kashfa kufumuka, na juu yake fidia ya kati ya dola 5,100 na dola 10,000 kwa kila mmoja.

Watu wengi wakarudisha, na hapo ndipo yalipotokea mandhari ambayo sidhani historia ya biashara ina mfano wake. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 2017 kampuni ilikuwa imepokea magari 335,000 hivi, ikauza tena 13,000, ikaharibu 28,000, na yaliyobaki, karibu 294,000, yakalazwa katika viwanja 37 vilivyotapakaa nchi nzima: mengine katika uwanja mkuu wa michezo wa Silverdome karibu na Detroit, ulioandaa mechi za Kombe la Dunia la mwaka 1994 na ambao wakati huo ulikuwa gofu, mengine katika jangwa la Victorville huko California, safu juu ya safu mpaka jicho linachoka, na mengine katika kiwanda cha karatasi kilichofungwa katika jimbo la Minnesota. Masharti ya sulhu hayakuwa na huruma. Gari lisilotengenezwa na kuthibitishwa na wakuu wa mazingira lisiuzwe ndani wala lisisafirishwe nje, na likiwa ni la kuuawa, basi bloku ya injini yake itobolewe tundu lisilopungua inchi 3, ili asije fundi yeyote, wa nchi yoyote, akalifufua. Nilipoyasoma hayo niliwaza kwamba aliyeyaandika lazima aliwahi kuwafahamu mafundi wa kwetu.

Basi kwa upande wa Marekani sahibu yangu hana hoja. Fauka ya sharti la tundu, magari yale yana usukani wa kushoto, na kanuni ya Kenya ijulikanayo kwa namba KS 1515, iliyowekwa mwaka 2000, hairuhusu gari la namna hiyo kuandikishwa kwa matumizi ya kawaida. Gari la mtumba sharti liwe na usukani wa kulia, umri wake usizidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na liwe limekaguliwa huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Lakini kuna Uingereza, nako usukani ni wa kulia. Huko magari yaliyokuwa na injini hiyo yalikuwa kiasi cha milioni 1.2, wala hayakununuliwa tena kwa amri ya mahakama kama ya Breyer. Wenyewe waliitwa gerejini wakabadilishiwa programu, wakaenda zao, na waliodai fidia wakangoja mpaka mwezi Mei 2022 ndipo kampuni ikakubali kuwalipa wadai 91,000 hivi jumla ya pauni milioni 193. Gari lililoandikishwa London mwaka 2012 liliweza, kwa halali kabisa, kushuka Mombasa mwaka 2019. Forodha ingalilitazama umri na usukani. Programu iliyomo kifuani mwake, kama ni ya kale au ni mpya, hakuna karatasi iliyoiuliza.

Gereji niliyoelekezwa iko nyuma ya steji ya Kitale, katika uwanja wa udongo mwekundu uliokolea mafuta, ambapo mafundi kadhaa hukodi kila mmoja kivuli chake. Niliyemtafuta ni mtu wa makamo, mpole, mwenye sifa ya kuyajua magari ya dizeli ya Kijerumani, na nilimkuta chini ya gari moja kubwa jeupe lililokuwa limewasha taa ya injini na kukataa kwenda mbio.

"Karibu mzee," akasema bila kutoka. "Ngoja nimalize kumpasua huyu."

Alichokuwa akipasua ni tumbo la bomba la moshi. Alilikata kwa grainda pande mbili, cheche zikimrukia viatuni, akalifunua kifuniko chake taratibu, na ndani yake mkawa na kigae cha udongo wa kuokwa chenye matundu membamba yaliyopangana kama sega la nyuki, yote yamezibwa na masizi meusi makavu. Akaingiza mtaimbo, akagonga mara kadhaa, kigae kikavunjika vipande vikubwa na unga, akavizoa kwa kiganja asipoteze hata kimoja, akavitia katika gunia la mahindi lililosimamishwa pembeni, maana vipande hivyo vimepakwa madini ya thamani, platini na wenziwe, na wako wanunuzi wapitao gereji kwa gereji kuvitafuta. Kisha akalirudisha lile tumbo tupu mahali pake, akalichomelea kwa ustadi, akapitisha tupa juu ya mshono, akapaka masizi. Mkaguzi ainamaye kutazama angeliona chombo kizima.

Nikamwuliza kwa nini anawatolea watu kitu ambacho Wazungu wamekitia kwa gharama.

"Mzee, hili chujio ni la barabara za kwao," akanijibu akijifuta mikono. "Linakusanya masizi, halafu linataka gari likimbie mfululizo ndipo lipate joto la kuyaunguza. Sasa wewe unatoka hapa kwenda Endebess, na matope, na ng'ombe, na bodaboda, utakimbia saa ngapi? Linajaa. Likijaa gari linakataa. Na ukitaka jipya, uza ng'ombe wawili wa gredi."

"Na kompyuta ya gari haigundui?"

"Inagundua. Ndiyo maana kuna kijana wa laptopu. Anaingia jioni, anaiambia kompyuta chujio halipo, halikuwahi kuwapo, isiulize tena. Taa inazimika."

Nimeyafikiri sana maneno hayo ya mwisho. Huko Wolfsburg, makao ya Volkswagen, wahandisi wenye shahada, wakilipwa mishahara ya kifalme, waliifundisha kompyuta kuwadanganya wakaguzi, nao wakaitwa wahalifu, na watu wawili wa kampuni hiyo, James Liang na Oliver Schmidt, wakatiwa gerezani Marekani; hapa Kitale kijana mwenye laptopu iliyopasuka kioo huifundisha kompyuta ile ile kudanganywa, mchana kweupe, kwa hiari ya mwenye gari, kwa bei iliyobandikwa ukutani, na hakuna hata mmoja katika uwanja ule aliyedhani kwamba ametenda la kuficha. Wala siwezi kusema kwamba hesabu ya fundi ni mbovu. Kwa mteja wake ni sahihi mpaka senti ya mwisho. Aliyeachwa nje ya hesabu ni mama auzaye mahindi ya kuchoma kandoni mwa steji, ambaye ndiye avutaye yale yaliyokuwa yakibaki ndani ya chujio, naye hakualikwa kwenye mapatano.

Na insafu yataka niseme vilevile kwamba dola imefanya sehemu yake kwa upande wa mafuta. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilipoacha kusafisha mwaka 2013, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isiwe na zaidi ya sehemu 50 za salfa katika kila milioni, ilhali kabla ya hapo ilikuwa 500, tulipata mafuta ambayo chujio la kisasa laweza kuishi nayo. Zamani fundi angelikuwa na udhuru wa kusema dizeli yetu ndiyo iuayo vifaa. Sasa dizeli imetakata kiasi hicho, na vifaa vimo guniani vikisubiri mnunuzi.

Niliondoka Kitale kwa matatu ya kwenda Webuye, ikipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, barabara yenye mafundo na miteremko ambayo dereva aliijua kwa moyo na abiria kwa dua. Mbele yetu, kwa muda mrefu, lilikuwapo lori la Hino lililosheheni magunia, likitema wingu jeusi kila lipandapo, na mzee aliyeketi kando yangu akafunga dirisha akasema lori zuri ni la Japani, Mzungu ana ujanja mwingi. Sikumpinga, kwa kuwa safari ilikuwa fupi. Lakini kampuni hiyo hiyo ya Hino ilikiri mwezi Machi 2022 kwamba ilighushi vipimo vya moshi na vya ulaji wa mafuta, na uchunguzi ukaonyesha kwamba udanganyifu huo ulianza angalau tangu mwaka 2003. Na mwezi Januari 2024 ikajulikana kwamba Toyota Industries, watengenezao injini za dizeli zinazotiwa katika Hilux, Prado na HiAce, walizipima nguvu injini zao kwa programu iliyo tofauti na ile iliyomo katika magari yauzwayo. Ujanja, basi, hauna kabila.

Webuye yenyewe ni mji unaojua habari za moshi kuliko mji wowote wa magharibi. Tangu Pan African Paper Mills ilipoanza kazi katika miaka ya sabini, harufu ya salfa ililala juu ya nyumba usiku na mchana, mabati yakaliwa na kutu kabla ya wakati wake, na watu wakakohoa wakilipwa mshahara. Kisha mwaka 2009 kiwanda kikafungwa, harufu ikaondoka, na mshahara ukafuatana nayo, mpaka kilipouzwa kwa kundi la Rai mwaka 2016. Nikiwa nimesimama nje ya uzio wake nilikumbuka kile kiwanda cha karatasi cha Minnesota kilichogeuzwa maegesho ya magari yaliyohukumiwa, nikajiuliza kama wakazi wa huko nao waliwahi kuipenda harufu iliyoyaua mabati yao. Muuza ndizi mmoja, mama wa umri wangu, aliponiona natazama mabomba, aliniambia kwamba yeye angependa yatoe moshi mwingi zaidi, ili vijana wake warudi kutoka Nairobi. Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Kutoka Webuye hadi Kanduyi barabara ni ile kuu iendayo Malaba, na hapo sura ya mambo hubadilika, maana magari mengi yapitayo si ya Kenya hata kidogo. Ni magari ya kupita tu, yaliyoshushwa Mombasa na kupelekwa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, mengine juu ya malori, mengine yakiendeshwa na madereva wa kukodiwa ambao hawalali mpaka mpakani. Nilikaa Kanduyi adhuhuri nzima nikiyatazama. Mkenya hawezi kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imeweka mpaka wake kwenye miaka 15, na juu ya gari kuukuu hutoza ushuru wa mazingira. Kwa hiyo gari ambalo sheria yetu yasema ni zee mno kwa mapafu ya Bungoma hupita Bungoma katikati, likipuliza, kwa kibali.

Dereva mmoja aliyesimama kunywa chai alikuwa na gari lenye usukani wa kushoto, la kupelekwa Goma. Nilimwomba ruhusa nikalitazama. Lilikuwa la petroli, tena la Kijapani, na halikuhusiana na kashfa yoyote niijuayo. Ila nilipoinama, nikaona kwamba chombo cha kusafishia moshi kimekatwa na mahali pake pametiwa bomba tupu, kazi ya siku nyingi, iliyokwisha kushika kutu.

"Kaka, hilo limetoka hivyo hivyo," akasema dereva. "Huko kwao ndiko wanakoanza kuchinja."

Huenda alisema kweli. Wakaguzi wa Uholanzi walipoyachunguza magari ya mtumba yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka bandari zao kwenda Afrika, katika ripoti ya mwaka 2020, walikuta mengi yamekwisha pitwa na muda wa cheti cha kufaa barabarani, na baadhi yamenyofolewa vyombo hivyo kabla hayajapanda meli. Mwaka huo huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lililo na makao yake hapa hapa Kenya, Gigiri mjini Nairobi, lilihesabu kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 dunia ilisafirisha magari madogo ya mtumba milioni 14, na asilimia 40 hivi yakaishia Afrika. Sahibu yangu wa forodha angelipenda kuyasikia hayo. Alikosea jina la gari na bandari litokako. Mkondo wenyewe aliuona sawasawa.

Niliyemtaka hasa nilimpata Bungoma mjini, mwalimu mstaafu mwenye Tiguan ya dizeli iliyoandikishwa Uingereza mwaka 2012 na kununuliwa Mombasa mwaka 2019. Alinikaribisha chai na mandazi, akanifungulia mlango wa gari, akanionyesha namba ya chesisi pale chini ya kioo cha mbele, nami nikamweleza kwamba aina ile ya injini ndiyo iliyokuwamo katika kashfa, na kwamba kama mmiliki wa kwanza alilipeleka gerejini kubadilishiwa programu, kumbukumbu ya kazi hiyo huwekwa chini ya namba ile. Alinisikiliza kwa makini ya mwalimu anayesahihisha insha.

"Basi hakuna haja," akasema. "Chujio nililitoa Kitale mwaka juzi."

Ilikuwa gereji ile ile. Akacheka kwanza yeye.

"Kwa hiyo, ndugu mwandishi, gari hili lilidanganya Uingereza, likaja likadanganywa Kenya. Na yule Mmarekani aliyelipwa dola elfu tano juu ya bei ya gari lake, mimi nani atanilipa?"

Nikamwambia hakuna, sulhu ya San Francisco ilikuwa ya Marekani, na ile ya London ya waliofungua madai huko. Akaniambia hilo alikuwa amekwisha kulijua, aliuliza tu apate kulisikia likisemwa, na kwamba kwa vyovyote gari analiuza, mnunuzi amekwisha patikana, mfanyabiashara wa vitunguu katika soko la Chwele. Nikamwuliza kama atamweleza habari ya chujio.

"Akiuliza nitamwambia."

"Mwalimu, hata wale wa Wolfsburg walingoja kuulizwa."

Alinitazama kwa muda, pengine akipima kama mgeni aliyekwisha kula mandazi yake ana haki ya kusema hivyo. Kisha akatoa simu, akampigia yule mtu wa Chwele mbele yangu, akamweleza yote kwa utaratibu, kashfa, programu, chujio na laptopu, kwa Kiswahili fasaha kilichonitia haya mimi mwandishi. Upande wa pili ukanyamaza mpaka akamaliza, halafu nikaisikia sauti ya mfanyabiashara, bila kutega sikio, ikiuliza jambo moja tu: likitiwa dizeli ya shilingi elfu tatu, litafika Kisumu na kurudi?

"Litafika," akasema mwalimu, na wakaanza kushindania bei.